Githeri Haijasahaulika, Imekosa Moto

Kila Desemba ikikaribia, kuna lalamiko moja hurudi kwenye vipindi vya redio na kwenye vikao vya familia. Mzee fulani, mara nyingi mwanamume ambaye hajawahi kuinjika githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja) maishani mwake, husema vijana wameacha vyakula vya asili. Wamezoea chipsi na tambi za pakiti, hawajui mrenda, hawajui muthokoi, wamepotea. Waliopo huitikia kwa vichwa, kisha huletewa chapati kwa kuku.

Mimi siamini kwamba kuna aliyesahau. Mshike kijana yeyote kwenye matatu ya kwenda mtaa wa Umoja, Nairobi, umuulize nyanya yake alikuwa akipika nini, atakutajia hadi harufu ya moshi iliyokuwa kwenye maziwa. Anakumbuka vizuri sana. Asicho nacho ni moto wa saa tatu.

Tupige hesabu. Mahindi makavu na maharagwe yasiyolowekwa yanataka saa tatu motoni, na pengine zaidi, kutegemea umri wa mahindi yenyewe. (Mahindi ya msimu uliopita huwa kama kokoto. Muuzaji anajua, wewe utajua saa nne za usiku watoto wakiwa wamelala na njaa.) Sasa iweke sufuria hiyo juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6, ule unaokaa pembeni mwa kitanda katika nyumba ya chumba kimoja, ambao kuujaza kunapita shilingi 1,000. Anayelipwa kwa siku hawezi kuichoma gesi kiasi hicho kwa mlo mmoja, hata kama nafaka zenyewe ni za bei ya chini kuliko nyama, samaki na mayai. Githeri ni chakula cha maskini ikiwa bado sokoni. Ikifika jikoni, inataka tajiri.

Ugali na sukuma wiki havina shida hiyo. Maji yakishachemka, ugali wa watu wanne husongwa kwa dakika kumi na tano hivi. Sukuma yenyewe hata dakika kumi haifikishi: kitunguu, nyanya, majani, chumvi, ipua. Tumezoea kueleza jina lake kwa upande wa mfuko tu, kwamba ni mboga ya kusukumia wiki hadi mshahara ufike. Ni kweli, lakini naona husukuma wiki kwa sababu ya pili pia, nayo ni kwamba haina deni na moto. Hata kazi ya kuikata siku hizi si yako. Mtazame mama mboga jioni: anakusanya majani kumi na mawili, anayakunja kama anayesokota mkeka, anayabana kwa mkono wa kushoto, na kisu kinapita mbele ya vidole vyake huku yeye akizungumza na mteja mwingine. Vipande vinaanguka kwenye beseni vyembamba kama nyuzi. Wembamba huo una kazi yake, kwani jani lililokatwa hivyo hunywea mara tu linapogusa mafuta.

Ndiyo maana sipendi hoja ya kwamba ladha zetu zimeharibika. Ukitazama nyuma utaona kwamba chakula cha Mkenya kimekuwa kikibadilika kwa kufuata muda na kuni kwa zaidi ya miaka mia moja, na mabadiliko makubwa kuliko yote ni hayo hayo tunayoyaita leo asili yetu. Mahindi si ya kwetu. Yalitoka Amerika, yakaingia pwani enzi za Wareno, lakini hayakuwa mfalme wa sufuria za bara hadi wakati wa ukoloni. Kabla ya hapo, kilichoitwa kuon kwa Waluo, obusuma kwa Waluhya, obokima kwa Wakisii, kimnyet kwa Wakalenjin, kilikuwa ugali wa wimbi na mtama. Majina yalibaki, unga ukabadilika.

Kwa nini ukabadilika? Mashamba ya walowezi, reli na migodi yalilisha vibarua kwa mgao wa unga wa mahindi, na hadi leo mashine ya kusagia tunaiita ya posho, yaani mgao. Kisha mwaka wa 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mbegu chotara ya mahindi, H611, na wakulima wadogo wakaipokea kwa kasi iliyowashangaza hata watafiti. Ila kuna sababu moja ambayo wachambuzi huipitia juu juu, nayo naiona nzito: ndege. Wimbi na mtama hukaa uchi shambani. Mtu sharti aamke alfajiri akae kwenye kichuguu na kombeo, akipiga kelele hadi jua litue, wiki kadhaa mfululizo. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Watoto wakaenda shule. Mahindi huja na ganda lake, hayahitaji mlinzi. Mama aliyebaki peke yake shambani, mume akiwa Nairobi na watoto darasani, hakuusaliti utamaduni alipopanda mahindi. Alikuwa amehesabu mikono iliyobaki.

Tulilipia pia. Wimbi lililokauka vizuri hukaa ghalani kwa miaka bila kubunguliwa. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu wa sumu. Mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini kwenye mahindi iliua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui. Na kwa kuwa tuliweka mayai yetu yote kwenye kikapu kimoja, bei ya pakiti moja ya unga ya kilo mbili imekuwa kipimo cha siasa. Mwaka wa 2017 serikali iliishusha hadi shilingi 90 kwa ruzuku, na Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, ikatangaza shilingi 100 wakati madukani ilikuwa imepita 200. Hakuna aliyewahi kuandamana kwa sababu ya bei ya viazi vitamu.

Turudi jikoni. Ukitaka kuona werevu wa wapishi wetu wa zamani, usitazame viungo, tazama jinsi walivyobana kuni. Mfano ninaoupenda ni muthokoi wa Wakamba. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji, hutwangwa kinuni hadi ganda la nje litoke, hupepetwa, na pumba wakapewa kuku. Kinachobaki huiva mapema kuliko mahindi mazima na huwa laini mdomoni. Wengi hueleza muthokoi kama suala la ladha tu. Mimi naona nchi kavu, yenye vichaka vya miiba na kuni za kutafutwa mbali, ambako mtu aliamua kutumia mkono badala ya moto. Mtwango wa nusu saa unaokoa mzigo wa kuni. Leo muthokoi uliokobolewa kwa mashine unauzwa madukani, na wanaokula hawajui kwamba wanakula suluhisho la tatizo walilo nalo wao wenyewe.

Magadi ni njia nyingine. Ukitia chembe kidogo kwenye githeri au kwenye kunde, zinalainika upesi na mboga inabaki na rangi ya kijani. Wataalamu wa lishe hawayapendi kwa kuwa huharibu vitamini B1, na wana haki. Lakini mwambie hayo mtu anayepika kwa makaa ya kopo la shilingi mia moja.

Nilikozaliwa mimi, Kakamega, magadi ya dukani yalikuja baadaye. Mama alitumia musherekha. Maganda makavu ya maharagwe yalichomwa uani hadi yakawa majivu meupe, yakatiwa kwenye kopo lililotobolewa matundu chini kwa msumari, kisha maji yakamwagwa juu taratibu. Chini ya kopo palidondoka maji ya rangi ya chai ya rangi, tone, tone, tone, na sisi tulikatazwa kuyachezea kwa sababu yalichoma ulimi. Kijiko kimoja au viwili kwenye chungu cha kunde na mrenda, mboga ikalegea na kuteleza ipasavyo. Kopo lile lilining'inia kwenye boriti mwaka mzima. Sikumbuki likinunuliwa wala likitupwa.

Na managu je? Managu ndiyo mboga inayoonyesha vizuri ninachosema. Siku ya kwanza huchambuliwa, huchemshwa, maji machungu humwagwa kwa wanaoona uchungu umezidi, kisha hutiwa maziwa na kurudishwa motoni. Haziliwi siku hiyo, au huliwa kidogo tu. Siku ya pili huongezwa maziwa, zinatokota tena polepole. Siku ya tatu ndipo zinapokuwa mboga yenyewe: nzito, zenye mafuta, uchungu ukiwa umebaki kama kumbukumbu nyuma ya ulimi. Waluo huzipika hivyo, nasi tulizipika hivyo. Sasa tazama jambo hili kwa makini. Mapishi hayo ya siku tatu hayakuhitaji moto wa siku tatu. Yalihitaji moto ambao tayari ulikuwa hapo. Mafiga yalikuwa na kaa la jana lililofukiwa kwenye jivu. Chai ilichemshwa hapo, maji ya kuoga yakapashwa hapo, na chungu cha managu kilikaa pembeni kikipata joto la bure. Hakuna aliyewasha moto kwa ajili ya managu.

Jiko la gesi halina pembeni. Lina kuwaka na kuzima. Mapishi yaliyoundwa kwa ajili ya kaa la jana hayawezi kuhamia kwenye kitu cha namna hiyo bila kubadilika, na ndiyo maana managu ya mjini yanakaangwa kwa kitunguu na nyanya kama sukuma, yanaliwa yakiwa machungu, halafu mtoto akisema hayapendi tunamlaumu mtoto.

Nisije nikaonekana ninayalilia mafiga. Moto ule haukuwa wa bure. Ulilipwa kwa mgongo wa mwanamke. Mama ana kovu la kamba ya kuni kwenye paji la uso, na macho yake yalianza kutokwa machozi akiwa bado msichana, kabla ya huzuni yoyote. Katika sensa ya mwaka wa 2019 zaidi ya nusu ya kaya nchini zilikuwa bado zinapika kwa kuni, na karibu robo tu kwa gesi. Anayeitukuza jikoni ya kuni bila kuingia ndani yake akakaa saa tatu ni mtalii, hata kama alizaliwa kijijini hapo.

Kwa hiyo swali langu si vipi turudi kwenye mafiga. Swali ni nani atalipa moto, na utawashwa wapi. Hapa watu wa bara tungejifunza kutoka pwani, ambako jibu lilipatikana zamani. Nenda Mombasa Mji wa Kale asubuhi, au mitaa ya Lamu, uone nani anapika mbaazi za nazi nyumbani kwa ajili ya chai ya asubuhi. Wachache mno. Mbaazi zinataka kulowekwa usiku na kuchemshwa hadi zipasuke, nazi ikunwe kwenye mbuzi (kibao cha kukunia), tui likamuliwe kwa kifumbu, la pili lipikie na la kwanza litiwe mwisho likikorogwa polepole lisikatike. Nani ana muda huo saa kumi na mbili asubuhi? Anao mama mmoja kwenye kila mtaa, aliyeamka saa tisa usiku. Wengine humtuma mtoto na bakuli, akarudi na mbaazi na mahamri yaliyofungwa kwenye gazeti. Hakuna mtu wa pwani anayeona kwamba amepoteza utamaduni kwa kununua mbaazi barazani. Huo ndio utamaduni wenyewe. Moto mmoja, mtaa mzima.

Nairobi tumeanza kufika hapo bila kutangaza. Katika mtaa ninaokaa, mama mboga wa kona ana sufuria mbili kubwa nyuma ya meza ya nyanya. Moja ni ya githeri, nyingine ni ya maharagwe matupu. Anainjika saa nane mchana kwenye jiko la makaa lililotengenezwa kwa pipa, na kuanzia saa kumi na moja anapima kwa kikombe. Ukitaka maharagwe ya rosekoko sema, ukitaka nyayo sema, kuna siku ana wairimu pekee na hamna mjadala. Unafika nyumbani, unakaanga kitunguu, unamwaga, dakika kumi unakula chakula kilichopikwa kwa saa tatu. Pembeni anachambua managu na terere, kucha zake zikiwa za kijani-nyeusi hata siku ya kanisa. Ukimwambia anahifadhi urithi wa taifa atakucheka. "Kastoma, hapa nahifadhi kodi ya nyumba."

Lakini anauhifadhi. Mwaka wa 2021 UNESCO iliorodhesha kazi ya Kenya ya kukuza vyakula vya asili miongoni mwa mifano bora ya kulinda urithi wa utamaduni, na ilistahili. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mboga zilizoitwa magugu zina madini na vitamini zaidi kuliko kabichi tuliyofundishwa kuiheshimu, na kwa kiasi kikubwa ni kwa utafiti kama wake kwamba managu na saga zimeingia kwenye rafu za maduka makubwa. Neno kienyeji lenyewe limepanda cheo. Nilipokuwa shule ya msingi lilikuwa tusi, mtoto aliyebeba viazi vitamu alikula akijificha nyuma ya darasa. Leo likiandikwa kwenye menyu ya hoteli mbele ya neno kuku, bei inaongezeka.

Ninachokosa katika sherehe hizi zote ni neno moja kuhusu kile kinachowaka chini ya sufuria. Tunazungumzia mbegu, tunazungumzia lishe, tunachapisha vitabu vya mapishi vyenye picha nzuri, kisha nishati tunaiachia watu wengine kabisa kana kwamba githeri huiva kwa uzalendo. Februari 2018 ukataji miti ulipigwa marufuku katika misitu ya umma, kwa sababu nzuri, na makaa yakapanda bei bila mpango wowote kwa anayechemsha maharagwe. Julai 2021 gesi ya kupikia ikatozwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, iliyopunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata na kuondolewa kabisa mwaka wa 2023. Katika miaka hiyo miwili sikusikia mtetezi hata mmoja wa vyakula vya asili akisema kwamba kodi hiyo ilikuwa kodi ya githeri. Mpika chipsi haikumuumiza sana, viazi vyake huiva kwa dakika chache. Aliyeumia ni mpika ndengu, mpika njahi, mpika muthokoi. Kila shilingi inayoongezwa kwenye moto inamsukuma mpishi kuelekea kwenye chakula kinachoiva haraka, na vinavyoiva haraka ni unga mweupe, mkate na vya kukaangwa.

Na huyu mama wa sufuria mbili naye anakaa kwenye kona bila kibali cha kudumu. Mara kwa mara askari wa jiji hupita, hubeba jiko, humwaga chakula. Nimeiona mara moja: githeri ya watu sitini hivi ikitiririka kwenye mtaro, mvuke ukipanda, na watoto wawili waliotumwa na mabakuli wamesimama wakitazama. Usiku huo mtaa mzima ulikula mkate.

Kuna watakaosema sufuria ya shinikizo itamaliza haya yote. Inasaidia, sikatai, maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva ndani ya nusu saa. Walio nazo wanajua. Bei yake lakini ni ya mtu mwenye mshahara wa mwezi, na wengi wanaogopa mlio wake. Kuloweka ni bure, na hapo lawama ya wazee ingekuwa na mashiko: tumeacha kuloweka. Ingawa kuloweka nako kunataka ujue leo utakula nini kesho, na anayetafuta vibarua hajui.

Mama yangu alinunuliwa gesi na dada yangu miaka minne iliyopita. Anaitumia kwa chai, na kwa wageni wenye haraka. Mahindi na kunde bado anazipeleka nje, kwenye mafiga. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hafulii sabuni ya mgeni. "Hiyo mitungi ni ya kuhesabu," alisema. "Na kunde haitaki kuhesabiwa."

Huku kwangu nimejifunza kuhesabu saa badala ya gesi. Ukifika kwa mama mboga saa kumi na mbili unapata githeri ya juu, yenye maharagwe mengi. Saa moja unapata ya chini, mahindi yamezidi, lakini supu yake ni nzito na tamu. Saa mbili kasoro robo sufuria imeinamishwa ukutani ikiwa na maji ya kahawia tu, na yeye ameshashika kisu na kukunja majani mkononi kabla hata hujasalimia, akisubiri useme ni sukuma ya ishirini au ya thelathini.